Saa Mbili ya Meli

Barua ilisema baba yake Asumpta amekufa.

Haikulisema jambo hilo kwa ukali. Ilikuwa na adabu zote za maofisi ya ng'ambo, karatasi nzito na chapa ya bluu juu. Walikuwa wamepokea maombi yake ya kumwombea mzazi wake medali ya mabaharia wa misafara ya kaskazini, na walimshukuru sana. Ila kumbukumbu zao zilionyesha kwamba Samson Mhando, mchochea makaa wa meli ya mizigo Calder Grange, alifariki tarehe kumi na nne Januari mwaka 1943, meli hiyo ilipopigwa topido saa 14:10. Jina lake lilikuwa limechongwa kwenye ukuta wa mabaharia wasio na kaburi. Je, huyo anayeombewa medali ni nani? Walete uthibitisho.

Asumpta aliinua macho. Marehemu alikuwa upande wa pili wa meza, kavaa sweta mbili, anachovya mkate kwenye chai na kulalamika kwamba tangawizi ya Kanada haina nguvu.

"Wanasemaje?" akauliza mzee.

"Ni tangazo la umeme, baba," Asumpta akasema, akaikunja barua na kuitia kwenye droo, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Mwaka ule Warusi walikuwa wakiwagawia medali wazee waliowahi kuwapelekea mizigo wakati wa vita kuu, na gazeti moja la Toronto lilitoa picha ya mzee mmoja kavishwa. Asumpta akajisemea, hata wangu alikwenda huko. Kila mtoto wa nyumba ile alijua kwamba vidole viwili vya mkono wa kushoto wa baba vilibaki kwenye barafu. Zaidi ya hapo mzee hakuwa akisema. Ukimuuliza alijibu, "Kulikuwa na baridi," halafu anageuza maneno. Basi Asumpta, ambaye ana miaka hamsini na sita lakini bado anapenda kumshtukiza baba yake kwa zawadi, akajaza fomu kimyakimya. Na kwa kuwa mdomo wake haujui kukaa bure, akawaambia wenzake wa kanisani kabla ya jibu kurudi.

Sasa jibu lilikuwa ndani ya droo.

Siku tatu alihangaika peke yake. Kazi yake ni kupanga zamu za wauguzi katika nyumba moja ya wazee hapo Scarborough, na wiki hiyo alimpanga mtu mmoja ghorofa mbili kwa saa ileile. Usingizi ulimkataa. Kama Samson Mhando alikufa mwaka wa arobaini na tatu, huyu aliyemlea, aliyemfundisha kusoma, aliyelia hadharani siku ya kumwoza, ni nani? Wazo hilo lilizaa jingine, na hilo la pili lilikuwa baya zaidi. Mwaka 2003 ni yeye Asumpta aliyetia saini karatasi za kumleta Kanada. Aliapa kwamba huyu ndiye Samson Mhando, mzaliwa wa Magila, wilaya ya Muheza. Na televisheni siku hizo ilikuwa haiishi kuzungumzia watu wanaonyang'anywa uraia kwa sababu ya uongo wa kwenye fomu. Alijiona uwanja wa ndege, anamsukuma mzee wa miaka tisini na moja kwenye kiti cha magurudumu, askari kila upande.

Alianza kumpeleleza. Akiwa anamkata kucha aliuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, padri aliyembatiza aliitwa nani. Mzee akajibu. Akauliza mto wa nyuma ya shule. Mzee akautaja, akataja na aliyezama humo. Badala ya kutulia, Asumpta alizidi kuogopa: mtu akitaka kuiba jina la mwenzake wa kijiji kimoja, si mto wanaujua wote wawili?

Siku ya tatu jioni Générose akapiga simu. Générose ni Mkongo wa Lubumbashi, mwenyekiti wa kwaya ya misa ya Kiswahili, na akiamua jambo limeamuliwa.

"Mama Asumpta! Medali ya mzee ilishafika?"

"Bado, mama. Wanashughulikia."

"Tumeshaagiza gâteau. Ina umbo la meli, na bomba juu, inatoa moshi ya sukari. Usitupatie haya, hein?"

Asumpta akacheka kwa nguvu kupita kiasi na kukata simu. Keki yenye umbo la meli. Ilikuwa imebaki hiyo tu.

Asubuhi ya nne alishuka jikoni akakuta droo iko wazi na barua iko mezani, imenyooshwa, imewekewa kikombe juu ili isijikunje. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha. Mzee alikuwa amekaa na miwani yake, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha melini, cha kuamrishwa, na hakikuwahi kutosha kusoma barua.

"Jina langu nimeliona," akasema. "Na jina la meli, Kalda, nimeliona. Nisomee."

Asumpta akasoma, akitafsiri sentensi moja moja. Alipofika pa kuchongwa ukutani mzee hakushtuka. Aliuliza neno moja tu.

"Josaphat wamemwandika wapi?"

"Josaphat gani, baba?"

"Angalia. Lazima wamemwandika."

Kulikuwa na ukurasa wa pili ambao Asumpta, kwa hofu, hakuwa ameumaliza. Ulikuwa na orodha ya wachochea makaa wa meli ile. Josaphat Mntambo: aliokolewa, akateremshwa Mombasa Mei 1943, hakuripoti tena kazini, hajulikani alipo.

Mzee akavua miwani. "Hajulikani alipo," akarudia. "Yuko chini ya bahari, mama. Yuko pale nilipotakiwa kuwa mimi."

Asumpta alishika ukingo wa meza. Alitaka kuuliza swali moja, na aliliogopa kiasi kwamba lilimtoka likiwa limepindapinda. "Baba, wewe ni… wewe ndiye Samson?"

"Mimi ndiye Samson," akasema mzee. "Hilo ndilo tatizo."

Akaanza kusimulia, na mtu ambaye miaka yote hiyo alikuwa akisema "kulikuwa na baridi" alisema mpaka chai ikaganda utando.

Walikuwa Waafrika wawili tu kwenye Kalda. Samson alikuwa ameshazoea bahari. Josaphat, mdogo kwake kwa mwaka mmoja, ni Samson aliyemtoa Magila. Alikwenda mwenyewe kwa mama wa Josaphat na kumwambia mwanao atakuwa mikononi mwangu. Walidhani watapelekwa Bombay. Wakajikuta Uskoti, wakapewa makoti mazito, na meli yao ikatiwa kwenye msafara wa meli kumi na nne zilizobeba vifaru, risasi na unga, kuelekea Urusi kwa njia ya juu ya dunia.

Jua liliwaaga siku ya tano. Halikutoka tena. Mchana ulikuwa weupe mdogo upande wa kusini, kama mlango ulioachwa wazi kidogo, halafu mtu anaufunga. Maji yaliyorushwa na mawimbi yaliganda kabla ya kutua. Yaliganda kwenye kamba, kwenye mizinga, kwenye mashua za kuokolea. Barafu ikiachwa inajijenga juu, meli inakuwa na kichwa kizito na kupinduka. Kwa hiyo kila mtu, akitoka zamu, alipewa shoka apande juu kuivunja. Wachochea makaa ndio walioumia kuliko wote, maana walitoka kwenye moto wa tanuri wamelowa jasho, na jasho lile liliwagandia shingoni.

Manowari za kuwalinda zilizunguka pembeni zikizitafuta nyambizi za Wajerumani. Zilitupa mapipa ya baruti majini. Pipa likilipuka, huko chini kwenye tanuri ilisikika kama mtu anagonga ubavu wa meli kwa nyundo kubwa, na hukujua kama ni pipa la rafiki au ni topido la adui. Unasimama na koleo mkononi. Unasubiri. Halafu unatupa makaa mengine, kwa sababu meli ikipunguza mwendo inaachwa nyuma, na inayoachwa nyuma imekwisha.

"Tarehe kumi na tatu wakaipiga jirani yetu," mzee akasema. "Ilikuwa karibu, ningeweza kuwaita kwa majina. Topido liliingia katikati, kwenye tanuri. Wa juu waliruka. Manowari ikawaokota wachache, maana maji yale hayampi mtu hata muda wa kumaliza sala. Wa chini hakutoka hata mmoja. Nilikuwa juu na shoka langu, nikaangalia, nikahesabu. Sifuri."

Kesho yake zamu yake ilianza saa sita mchana hadi saa kumi. Josaphat alikuwa ameshika zamu ya kabla yake. Samson alishuka ngazi, akafika katikati, miguu ikakataa. Akamwita Josaphat. Akamwambia ana homa.

"Ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo. Nilikuwa na woga." Mzee alilisema neno hilo bila kulipaka chochote. "Nikamwambia, nishikie mpaka mbili, nilale kidogo, nitakuja kukupokea. Akacheka. Akasema lala, kaka, huku chini mimi nina joto, nyie wa juu ndio mnaganda. Akasema, saa mbili, usinisahau."

Asumpta alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole bila kujijua. Mzee akamwona.

"Sikiliza hapa, maana hapa ndipo pote. Kwetu saa mbili ni saa mbili, tunaijua, ya asubuhi au ya usiku. Lakini melini tulisoma saa kama ilivyoandikwa ukutani. Kengele ilikuwa yao, amri ilikuwa yao. Mbili ni mbili. Mimi na Josaphat tulikuwa tumeshazoea, hata kwa Kiswahili chetu. Akisema saa mbili ndani ya Kalda, anasema ile ambayo wewe hapa ungeiita saa nane mchana. Hatukuwahi kupishana. Hata siku moja."

"Sasa ikawaje?"

"Nililala macho wazi. Saa ilikuwa ukutani mbele yangu. Ikafika mbili kamili. Nikajiambia: Samson, umemwahidi saa mbili. Saa mbili ya nani? Mishale ikikaa hivi, kwetu ni saa nane. Saa mbili bado. Saa mbili ni jioni, bado saa sita nzima." Akakisogeza kikombe cha chai pembeni. "Mahali pengine jua lingenisuta. Lingekuwa pale dirishani, lingeniambia acha ujinga, huu ni mchana. Pale palikuwa giza tupu. Giza la mbili na giza la nane lilikuwa moja. Nikavuta blanketi. Nilijua, mama. Usije ukadhani sikujua. Dakika kumi nilikaa na uongo ule, nao ulikuwa mtamu. Halafu likaingia."

Topido liliingia katikati.

Yaliyofuata aliyasema harakaharaka. Mashua. Mkono wa kushoto uliogandia ukingoni. Manowari iliyowaokota, na afisa mwenye orodha aliyepita kwenye vitanda vya wagonjwa. Ubao wa zamu wa Kalda ulikuwa umesema kwamba saa ile Mwafrika aliyekuwa chini ni Samson. Nakala yake afisa alikuwa nayo. Kwa hiyo Mwafrika aliyelala pale na vidole vyeusi alikuwa yule mwingine.

"Akaniita, Josaphat? Kukataa ni kusema mimi ni Samson. Kusema mimi ni Samson ni kusema niliacha zamu vitani. Nikaitika."

Aliitika jina lile hadi Mombasa. Pale gatini akazitupa karatasi, akapanda gari kwenda Tanga, akaingia kijijini siku ya arobaini ya matanga yake mwenyewe, maana habari ya kifo ilichelewa kufika. Watu walikimbia, kisha wakarudi, kisha wakacheza ngoma. Makosa ya Wazungu hayo, wakasema. Wamemwua mzima! Na mama wa Josaphat, aliyekuwa amepata barua kwamba mwanawe ameokolewa na atateremshwa Mombasa, alicheza kuliko wote. Kama aliyeandikwa amekufa amerudi, huyu aliyeandikwa mzima atakosaje kurudi?

Hapo Asumpta alimjua mama huyo. Alikuwa bibi mwembamba wa ng'ambo ya mto, aliyekuja kwao kila Jumapili baada ya misa kuuliza kama kuna barua kutoka Mombasa. Baba alimwezekea nyumba, alimpelekea unga na sukari, na Asumpta mwenyewe ndiye aliyetumwa kubeba. Alifariki mwaka wa sabini na moja.

"Ulimwambia nini, baba?"

"Kwamba tuliachana gatini. Kwamba alisema atatafuta kazi kwanza."

"Miaka ishirini na minane!"

"Ishirini na minane."

Asumpta alitaka kukasirika akashindwa, halafu akaweza. Aliinuka akaosha kikombe kilichokuwa safi. Aliposikia mzee nyuma yake anapumua kwa shida, hasira ikamlainika, akarudi na kufanya kile anachokifanya kazini kila siku, kumtuliza mtu.

"Baba, watu hubadilishana zamu. Mimi nabadilisha kumi kwa wiki. Fulani anaumwa, fulani ana mtoto. Hungeweza kujua."

"Ndiyo. Watu hubadilishana," mzee akakubali. "Nataka jina lake likae pale lilipo langu. Medali sitaki. Tafuta mtu wa kuandika, niseme, niweke saini. Halafu nikifa mara ya pili, nife vizuri."

Alitabasamu kidogo kwa mzaha wake. Asumpta hakutabasamu. Alishaanza kuwaza Générose, kwaya, na kile ambacho watu wangesema: mzee wetu wa meli, kumbe alimwacha mwenzake afe akaenda kulala. Moyo ulimuuma kwa ajili ya baba, na, kusema kweli, ulimuuma kidogo kwa ajili yake yeye mwenyewe pia.

Jumamosi ile wakaenda Unionville kwa wakili. Asumpta aliendesha kama anayebeba mayai, theluji inapigwa na upepo kukatisha barabara ya Markham, mzee pembeni amefungwa mkanda na blanketi. Kila gari la polisi lililopita lilimkausha mate.

Wakili aliitwa Moez. Alikuwa Mwismaili wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Tanga, na ndiye aliyeshughulikia karatasi za mzee miaka ile. Alifurahi kuwaona. Huwa anafurahi akipata mtu wa kusema naye Kiswahili, kwa sababu watoto wake wanakielewa lakini wanamjibu kwa Kiingereza.

"Mzee shikamoo! Karibu, karibu. Dada, usiwe na wasiwasi wa uraia. Nimeangalia file lote jana. Cheti cha ubatizo, kila kitu, ni cha kwake. Yeye ni yeye. Hiyo ya meli ni mambo mengine kabisa."

Asumpta akavua koti na kuketi. Mzigo mmoja ulikuwa umetoka. Ulibaki mwingine.

Moez akafungua kompyuta, akaweka barua ya ng'ambo pembeni, akamwambia mzee aseme taratibu. Lakini safari ilikuwa imemchosha mzee. Kifua kilimbana, na maneno aliyoyamwaga jikoni kwa saa nzima sasa yalitoka machache, kila moja likigharimu pumzi. Alisema alikuwa na zamu ya kuanzia saa sita mchana. Alisema alimdanganya mwenzake kwamba ana homa.

"Nikamwambia anishikie. Nitampokea saa mbili. Sikwenda kumpokea. Meli ikapigwa, akafa yeye." Akapumua. "Halafu nikaitika jina lake. Basi. Ndiyo hayo."

Aliegemea kiti, akafumba macho. Alikuwa amesema yote, au alidhani amesema yote.

Moez alikuwa akiandika kwa Kiingereza. Aliandika, akaitazama barua, akaandika tena, kisha akasimamisha vidole. Uso wake ukachangamka. Akamgeukia Asumpta na kusema kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, kwa sauti ya chini ili asimsumbue mzee:

"But wait. Alimwahidi eight p.m. Saa mbili. Na barua inasema meli imepigwa fourteen-ten, saa nane na dakika kumi. Unaona? Hakuchelewa! Alikuwa na karibu six hours bado. Dada, huyu mzee amejitesa miaka sabini bure. Hii ni kuelewana vibaya tu, vijana wawili wamepeana zamu. Nobody can blame him. Hata medali wanaweza kumpa bado."

Akaigeuza skrini amwonyeshe. Eight o'clock in the evening. Maneno yalikuwa yamekaa pale, meusi, yamenyooka.

Asumpta aliyatazama. Moez hakuwa baharia. Hakujua kwamba zamu iliyoanza saa sita inakwisha saa kumi, na kwamba hakuna anayeweza kuahidi kuipokea usiku. Alikuwa mtoto wa Tanga aliyesikia saa mbili akaandika eight ya usiku, kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angeandika, kama ambavyo yeye mwenyewe Asumpta angeandika. Hakuna aliyedanganya. Jina la Josaphat lingechongwa, baba angebaki baba, keki ingekatwa. Kilichotakiwa kwake kilikuwa ni kutofungua mdomo.

Moez alikuwa tayari anachapisha karatasi. Mashine ilinguruma. Mzee akafumbua macho.

"Kasema ngapi?" akauliza. "Saa, kaandika ngapi?"

Asumpta akasikia jibu likimjia lenyewe, zuri, lisilo na doa lolote.

"Kaandika saa mbili, baba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa Kiswahili cha mtu yeyote, ndicho kilichoandikwa. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Mabega yake yakashuka. Uso wake ukawa wa mtu aliyefika juu ya ngazi na kukuta hakuna ngazi nyingine. Moez akamwekea karatasi mbele na kalamu juu yake, akamwonyesha mstari wa saini. Mzee aliishika kalamu kwa mkono wa kulia, na kwa vidole vitatu vya kushoto akaituliza karatasi isicheze. Akaanza na herufi S.

Asumpta aliitazama kalamu ikitembea. Pale kitini, ndani ya ofisi yenye zulia na mashine ya kahawa, alijua yuko wapi. Alikuwa amelala, blanketi limefika kidevuni, anaitazama saa ukutani, anajiuliza saa mbili ya nani. Na ulikuwa mtamu kweli, uongo ule, kama baba alivyosema.

"Baba, ngoja," akasema.

Mzee akasimamisha kalamu.

"Bwana Moez, siyo eight. Ni mbili ya meli. Two. Two in the afternoon. Alimwahidi saa nane mchana, hakwenda, na alijua." Akaonyesha skrini kwa kidole. "Andika hivyo. Alikuwa macho, na alijua."

Moez alimtazama yeye, akamtazama mzee, akaitazama karatasi. Taratibu, kama mtu anayeondoa sahani mezani kabla mgeni hajashiba, akaivuta na kurudi kwenye kompyuta. Wakasikia vitufe vikibonyezwa.

Mzee alikuwa akimtazama bintiye. Asumpta hakuweza kuinua uso.

"Ulitaka kuninyamazia," mzee akasema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Ulikaa nayo kwa muda gani?"

"Nini?"

"Kabla hujasema. Dakika ngapi?"

Asumpta akafuta macho kwa kiganja. "Sijui, baba. Moja. Hata moja haikufika."

Karatasi mpya ikatoka. Moez akaileta mwenyewe, akaiweka mbele ya mzee, akaweka kidole penye mstari. Mzee akainama, akaandika jina lake lote bila kusimama, Samson Mhando, kwa herufi kubwa za shule ya misheni. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mimi nilikaa kumi," akasema.